Dakika zako 6 za PB (muda wako bora kabisa) ziliishia kwenye kilomita 5 za mwanzo

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni dada wa miaka 34, naishi Tabata, Dar, nakimbia na joging klabu ya mtaani kwetu mwaka wa tatu sasa. Nusu marathoni yangu ya kwanza ilikua Moshi, Kilimanjaro Marathon, nikatoa 2:14. Juzi nimekimbia nyingine hapa Dar nimetoa 2:06:25. 10 km yangu bora ni 54:30. Ninachotaka ni kuingia chini ya masaa mawili, ila kila nikifika kilomita ya 15 nazima kabisa, miguu inakua mizito, watu niliowaacha nyuma wananipita mmoja mmoja. Saa yangu imeandika hivi: 5 km za kwanza 26:40, za pili 28:30, za tatu 31:00, za nne 33:00, na kile kipande cha mwisho 7:15. Wengine wananiambia niongeze kilomita za mazoezi, wengine wanasema ninunue raba zile zenye sahani ya kaboni. Nina wiki 10 mpaka mbio inayofuata, na ni hapa hapa Dar. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na asante sana kwa kuniwekea muda wa kila kilomita 5, maana wengi wananiandikia tu "kocha nazima" alafu hapo mtu unabaki kubahatisha. Wewe umeniletea kila kitu. Na nikuambie mapema kabisa, chini ya masaa mawili iko karibu na wewe kuliko unavyodhani, na wala haiko kwenye raba.

Tuanze na hesabu zako. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Ili umalize kwa 1:59:54 unatakiwa kukimbia kila kilomita kwa 5:41. Kwa mwendo huo 5 km unapita kwa 28:25, 10 km kwa 56:50, 15 km kwa 1:25:15. Sasa wewe 5 km umepita kwa 26:40, yaani ulikua mbele ya ratiba kwa dakika 1 na sekunde 45, na najua kabisa ulivyoangalia saa pale ulijisikia vizuri ukasema leo ndio leo. Kwenye 10 km ulikua na 55:10, bado uko mbele kwa dakika 1 na sekunde 40. Lakini ebu iangalie hiyo 55:10 tena. PB yako ya 10 km ni 54:30, yaani mbio ambayo ulijitoa mpaka mwisho na ukivuka mstari unashika magoti. Hapa umekimbia 10 km taratibu kuliko hapo kwa sekunde 40 tu, na mbele yako bado kuna kilomita 11! Hiyo kilomita ya 15 unayoilaumu haina kosa, imekukuta ushamaliza.

Na angalia bei uliyolipa. 15 km ulipita kwa 1:26:10, hapo ulikua nyuma ya ratiba ya masaa mawili kwa sekunde 55 tu, mtu akikuangalia kwa mbali angesema bado yumo. Alafu kilomita 6 zilizobaki ukatumia dakika 40 na sekunde 15, wakati kwa mwendo wa ratiba zinatakiwa dakika 34 na nusu hivi. Karibia dakika 6 zote zimeondoka pale. Kwa hiyo ulichuma dakika 1 na sekunde 45 mwanzoni, na kati ya kilomita ya 5 na mstari wa mwisho ukapoteza zaidi ya dakika 8. Hakuna mazoezi yatakayoziba hilo shimo kama mwanzo wako utabaki ule ule.

Kwanini mwili unafanya hivyo, ntaeleza kwa ufupi ila ni muhimu ukaelewa, kwa sababu mtu akielewa anavumilia. Kila mkimbiaji ana kasi fulani ambayo anaweza kuishikilia kwa muda wa saa moja hivi, akipita juu ya hapo kidogo tu, mwili unaanza kutengeneza uchovu haraka kuliko unavyoweza kuusafisha. Kwako wewe, kwa 10 km ya 54:30, hiyo kasi iko kwenye 5:28 mpaka 5:30 kwa kilomita. Pesi (mwendo) ya masaa mawili, ile 5:41, iko chini ya huo mstari, ni mwendo ambao mwili wako unaweza kukaa nao muda mrefu. Ila 5:20 uliyoanza nayo iko juu ya mstari. Tofauti ni sekunde 21 tu kwenye saa, lakini ndani ya misuli ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukiwa juu ya mstari mwili unachoma ile akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na kwenye ini kwa fujo, kama units za luku ukiwa umewasha pasi na jiko la umeme kwa pamoja. Na ubaya wake ni kwamba dakika 20 za kwanza hauhisi chochote, mwili bado mpya, umelala vizuri, umepunguza mazoezi wiki nzima, muziki unapigwa, MC anapiga kelele, watu wanatoka nduki pembeni yako. Kwenye hali hiyo 5:20 inajisikia kama matembezi. Hisia za kilomita mbili za kwanza usiziamini hata kidogo, na hili nakuambia kwa moyo wote kwa sababu nimeona watu wenye mazoezi mazuri sana wakiharibu miezi mitatu ya kazi ndani ya dakika kumi.

Alafu wewe unakimbia Dar, sio kule juu kwenye baridi kama Iten ya Kenya au Mbulu. Joto na unyevu wa pwani vinaongeza deni. Mwili ukipata joto unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, kwa hiyo inayobaki kwa ajili ya misuli inapungua, moyo unaanza kupiga haraka zaidi hata kama mwendo haujabadilika. Jasho lenyewe kwenye hewa yenye unyevu halikauki vizuri, linatiririka tu chini bila kukupoza. Mtu aliyeanza kwa kasi amejipasha joto mapema, na joto likishaingia ndani kwenye mbio halitoki tena kirahisi.

Sasa swali la pili unaloweza kujiuliza, je kweli masaa mawili ni saizi yangu au najidanganya? Kuna fomula inatumika sana duniani, ilitengenezwa na injinia wa Marekani anaitwa Peter Riegel, inachukua muda wako wa umbali mmoja inakukadiria umbali mwingine. Ukiweka 54:30 ya 10 km inakupa nusu marathoni ya 2:00:15 hivi. Ukiweka 54:00 inakupa 1:59 na sekunde chache. Kwa hiyo uko mlangoni. Lile 2:06 uliloandika juzi halionyeshi uwezo wako, linaonyesha namna ulivyoutumia. Ndio maana wanaokuambia uongeze kilomita siwapingi kabisa, kidogo zitasaidia na ntakupangia, ila hata leo hii, bila kuongeza chochote, asubuhi ya baridi kidogo na mwanzo wa utulivu, ungetoa 2:01 au 2:02.

Haya, tuingie kwenye siku yenyewe ya mbio, hapa nataka usome taratibu.

Kilomita 3 za kwanza nenda kwa 5:50. Ndio, 5:50, nyuma ya ratiba. Utapitwa na watu wengi mno, wakiwemo wale wa klabu yako ambao unajua kabisa unawaweza, utapitwa na mtu aliyevaa raba za kutembelea. Waache waende. Kwenye zile mita 400 za mwanzo ndio pa kuangalia sana, pale saa inaweza kukusomea 4:58 na wewe unahisi unajivuta, ukiona hivyo legeza mabega, fupisha hatua, shusha mikono. Usipige chenga kati ya watu kutafuta nafasi, zile chenga za kulia kushoto zinakula nguvu na zinaongeza mita. Kama mbio yako inatumia chipu (kile kidude cha kurekodi muda unachovaa), muda wako unahesabiwa kuanzia unapokanyaga mkeka wa kuanzia, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kusimama mbele kabisa na vijana wa dakika 65. Simama katikati. Na kama hakuna chipu, uliza mapema ili ujue muda wa kufuata ni wa bunduki, yaani unahesabiwa tangu bunduki inapolia.

Ukimaliza kilomita 3 utakua na 17:30, nyuma ya ratiba sekunde 27. Sekunde 27 tu, usiogope, hizo zinalipika. Kuanzia kilomita ya 4 mpaka ya 15 kaa kwenye 5:40, hapo usiongeze hata kama unajisikia malaika. Unapita 5 km kwa 28:50, 10 km kwa 57:10, 15 km kwa 1:25:30. Iandike hiyo mistari mitatu kwenye kikaratasi au kwenye mkono kwa kalamu, kwa sababu kichwa kikichoka hesabu zinapotea kabisa, mtu anashindwa hata kujumlisha 5 na 6. Linganisha sasa, mara ya mwisho ulifika 15 km kwa 1:26:10 ukiwa maiti, safari hii unafika kwa 1:25:30 ukiwa hai, umetangulia sekunde 40 na bado una miguu. Kutoka hapo ukishika 5:38 mpaka mwisho unamaliza 1:59:51.

Kuhusu saa ya mkononi, hili linawaumiza wengi. Njia ya mbio iliyopimwa vizuri inapimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya tairi, na inapimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Wewe hukimbii mstari huo, unazunguka watu, unaenda pembeni kuchukua maji, na GPS nayo ina makosa yake madogo madogo hasa kwenye majengo marefu ya Posta. Kwa hiyo saa yako mwishoni itasoma 21.2 au 21.3, ni kawaida, sio waandaaji wamekosea. Maana yake ni nini? Ukikimbia 5:41 ya saa yako utamaliza 2:01 ukiwa unalia. Kwenye saa lenga 5:37 au 5:38 kwenye kipande cha kati, na bora zaidi zima ile ya kujihesabia yenyewe kila kilomita, bonyeza mwenyewe kitufe unapopita kibao cha kilomita cha barabarani. Vibao ndio ukweli. Ila kibao kimoja kikikupa namba ya ajabu usishtuke, wakati mwingine kinawekwa mita kadhaa mbele au nyuma, subiri kinachofuata. Na kwenye kona jifunze kukata, angalia barabara inapoelekea mbele alafu nenda moja kwa moja kwenye ukingo wa ndani wa kona inayofuata, kama njia imefungwa magari.

Kilomita ya 13 mpaka 17 ndio mbio yenyewe. Hapa mashabiki hamna, muziki hamna, jua limeshatoka, na hujafika karibu kiasi cha kusema namalizia. Watu wanapoteza PB hapa kwa kulegea bila kujua, sekunde 5 hapa, 8 pale, hawajazima, wamesahau tu kukaza. Mimi wanariadha wangu nawaambia wachague mgongo wa mtu mmoja aliye mbele mita 30 au 40, wamfuate mpaka wamfikie, wakimfikia wanachagua mwingine. Na kwa sababu ulianza taratibu watu wa kupitwa watakuwepo wengi, ni wale wale waliokuacha kilomita ya 2. Nikuambie ukweli, hakuna kitu kinachoongeza nguvu kwenye mbio kama kupita watu, na wewe mpaka leo umekua upande wa kupitwa, hujawahi kuonja huu upande mwingine.

Kutoka 18 sasa weka saa pembeni. Kaza mikono, miguu inafuata mikono. Kama una kitu kimebaki kitumie kuanzia 19, usisubiri mita 200 za mwisho kwa ajili ya picha, mita 200 hata ukizikimbia ukijiona Filbert Bayi zinakupa sekunde chache tu.

Bayi mwenyewe ngoja niseme kidogo. Sisi Watanzania tumelelewa na hadithi za watu waliokua wanakimbia mbele, Bayi alitoka mbele tangu bunduki Christchurch mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.16, Juma Ikangaa naye alikua anaongoza marathoni nzima watu wanamfukuza, New York 1989 alishinda kwa 2:08:01. Ni mashujaa wangu, nawaheshimu mpaka kesho. Lakini ile ilikua mbinu ya watu waliojijua mpaka sekunde, sio msisimko wa mwanzo wa mbio. Mfano unaokufaa wewe ni Alphonce Simbu pale Tokyo, Septemba 2025. Marathoni ya dunia, hewa nzito yenye unyevu kama ya kwetu pwani, jamaa akakaa ndani ya kundi kilomita na kilomita, hakuhangaika na yeyote aliyechomoka, wengine wakaanza kukatika mmoja mmoja, na akashinda uwanjani kwenye hatua za mwisho kabisa. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48, tofauti ilikua sekunde 0.03, ikabidi picha iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na imekuja kwa subira. Mi niliangalia ile mbio nikatokwa machozi, na kesho yake nikaitumia kufundishia.

Turudi kwako. Maji na chakula. Kama mbio inaanza saa 12 asubuhi, amka saa 9 na nusu usiku ule, najua inauma lakini ndio hivyo. Chai ya rangi yenye sukari, mkate mweupe na asali au jemu, ndizi mbivu moja, inatosha. Maharage, chapati za mafuta na maziwa achana nayo asubuhi hiyo, na usiku wake kula wali wako wa kawaida na samaki au kuku, usijaze tumbo kama unaenda kufunga. Wakati wa mbio, kwa mtu wa masaa mawili, nakushauri jeli moja (ule uji mzito wa sukari wa kwenye kipakiti) ikifika dakika ya 40 na nyingine dakika ya 75 au 80, kila moja na maji, sio na kinywaji cha sukari juu yake maana tumbo litakugomea. Jeli ni bei, naelewa, tende mbili tatu zilizotolewa kokwe au maji yenye glukosi kwenye kichupa kidogo vinafanya kazi pia. Ila chochote utakachochagua kijaribu kwanza kwenye mazoezi ya Jumapili angalau mara tatu. Kwenye meza za maji kunywa mafunda mawili matatu, yanayobaki mwagia kichwani na shingoni. Usinywe kupita kiasi ukadhani unajikinga, maji mengi mno yanapunguza chumvi kwenye damu na hilo ni hatari kweli, kiu ikuongoze.

Na kuhusu joto, kabla ya mbio uwe na mpango wa pili. Miezi ya Juni mpaka Agosti Dar inakua na nafuu, kipupwe kinatusaidia, lakini ukitoka nyumbani saa 11 alfajiri ukakuta hewa imesimama na unatoka jasho umekaa tu, siku hiyo 1:59 inaweza isiwepo. Anza 5:55, angalia hali kwenye 10 km, kama uko vizuri ongeza. Na ukiona kizunguzungu, au unahisi baridi vinyweleo vinasimama wakati jua linawaka, au unashindwa kufikiri vizuri, simama, kaa kivulini, mwagiwa maji, ita watu wa huduma ya kwanza. Mbio nyingine ipo mwezi ujao.

Sasa wiki 10 zako. Sitakupa jedwali la kila siku kwa sababu una kazi na pengine familia, na jedwali linalovunjika wiki ya pili halina faida. Kuna mazoezi matatu kwa wiki ambayo ndio nguzo, mengine ni kukimbia kwepesi tu.

La kwanza ni mbio ndefu ya Jumapili, anza na 14 km panda taratibu mpaka 18 au 19, kwa 6:40 mpaka 7:00 kwa kilomita, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Klabu yako ya joging hapa inafaa sana, ile ya kuimba chenja na kupiga makofi, ukiweza kuimba ujue uko kwenye mwendo sahihi. Tatizo la klabu zetu ni kwamba kila Jumapili kuna wawili watatu wanageuza mazoezi kuwa mashindano na wote wanafuata. Usifuate. Kuanzia wiki ya 5, kilomita 4 za mwisho za mbio ndefu zikimbie kwa 5:40, miguu ikiwa imeshachoka, ndio utajifunza kilomita ya 17 ilivyo.

La pili ni tempo katikati ya wiki, dakika 20 za kukimbia kwa 5:30 hivi, unaongeza mpaka zifike 30. Hii ndio inausogeza ule mstari niliokuambia. Wiki moja fanya tempo, wiki nyingine badilisha na intavo, kilomita moja mara 5 au 6 kwa 5:15 mpaka 5:20, unapumzika dakika 2 kwa kutembea. Ukiweza kwenda kule Mlimani chuo kikuu kwenye vilima mara moja moja, nenda, vinajenga nyonga na vigimbi bila kuhitaji jim.

La tatu ndio dawa yako hasa, na ndio ambalo nataka ulipende. Kilomita 3 mara tatu kwa pesi ya mbio, 5:38 mpaka 5:41, katikati unajogi taratibu dakika 3. Nenda sehemu tambarare, Barabara ya Barack Obama alfajiri au pale Daraja la Tanzanite panafaa. Sasa fanya hivi: vaa kitambaa cha jasho cha mkononi juu ya saa ili usiione. Saa ikitetemeka kuashiria kilomita imeisha, kabla hujafunua, sema kwa sauti unadhani umekimbia ngapi. "5:40." Alafu funua uangalie. Mara ya kwanza utasema 5:40 utakuta 5:22, ntashangaa ikiwa tofauti, kwa sababu wewe mwili wako umezoea kuita 5:20 mwendo wa kawaida. Mara ya pili utapitiliza upande wa pili, utakuta 5:55. Wiki ya nne au ya tano utaanza kupatia ndani ya sekunde 3 au 4, na pale utakua umepata kitu ambacho hakuna duka linauza. Sikiliza pumzi zako ukiwa 5:40, hatua ngapi unavuta na ngapi unatoa, mabega yako wapi, mguu unagusa lami kwa sauti gani. Siku ya mbio, MC akipiga kelele na watu wakichomoka, utakua na kipimo ndani yako mwenyewe.

Wiki ya 7 tafuta mbio ya 10 km, ujipime. Ukitoa 54:00 kwenda chini, mpango wa 1:59 uko palepale. Ukitoa 55 na kitu, lenga 2:01, bado ni PB ya dakika 5, na ichukue kwa furaha. Siku 10 za mwisho punguza kilomita karibia nusu, ila bakiza vipande vifupi vya pesi ya mbio ili miguu isisahau. Wiki hiyo utajisikia mzito, utaota magonjwa, goti litauma bila sababu, ni kawaida.

Ile 2:14 ya Moshi usiiweke kabisa kwenye hesabu hizi. Kule nusu marathoni unapanda kuelekea Mweka kisha unateremka, na mji wenyewe uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 800 na zaidi, sio sehemu ya kutafutia muda. Ukirudi kule, na naomba urudi kwa sababu ni mbio nzuri sana, mpango wa kilomita kwa kilomita uache nyumbani. Kule unashikilia pumzi ziwe sawa, kama kwenye mlima ni 6:30 basi ni 6:30, ukilazimisha 5:40 ukiwa unapanda utafika juu huna kitu na mteremko utakumaliza mapaja. Kwenye kuteremka usijizuie kwa kukanyagia kisigino, inama kidogo mbele, hatua fupi za haraka haraka.

Na raba. Zile za kaboni zinasaidia, sitakudanganya, ila zinasaidia zaidi mtu ambaye bado ana mkao mzuri wa kukimbia kilomita ya 18, na wewe kwa sasa kilomita ya 18 unatembea. Kama pesa ipo na haichukui ada ya mtoto wala kodi, nunua, zikimbilie mazoezi mawili ya pesi ya mbio kabla ya siku yenyewe. Kama haipo, raba zako za sasa kama hazijaisha soli zinatosha kabisa kwa 1:59. Hakikisha tu zina nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana mguu unavimba kwenye joto, na soksi usivae mpya siku hiyo. Ukimaliza wiki ya 4 nitumie muda wa zile kilomita 3 mara tatu, na mbele ya kila kilomita uandike ulikisia ngapi, nataka kuona hizo namba mbili zinavyosogeleana.